Nyumba Hupotea Bila Hata Kuungua

Mwezi Mei 2023 kampuni ya State Farm ilitangaza kwamba haitapokea tena maombi mapya ya bima ya nyumba katika jimbo la California. Mwaka uliofuata ikasema haitahuisha bima zipatazo 72,000 ilizokuwa nazo jimboni humo, za nyumba za familia na za majengo ya wapangaji. Kisha ukaja moto wa Januari 2025 mjini Los Angeles ulioteketeza majengo zaidi ya 16,000. Mfuko wa FAIR Plan, ambao ni kimbilio la mwisho la wanaokataliwa na kampuni za kawaida, ukalazimika kuzitoza kampuni wanachama dola bilioni 1 ili umudu kulipa fidia. Tangu hapo habari za bima ya nyumba zimekuwa za namna moja: ada inapanda, kampuni zinajitoa, mwenye nyumba anaachwa peke yake.

Somo ambalo wengi wamelichota humo ni kwamba kuta na paa ndivyo vilivyo hatarini, kwa hiyo fedha yote ya bima ielekezwe huko na mengine yasubiri. Ada ya nyumba ikipanda, kinachokatwa ili kuziba pengo huwa ni bima ya kipato, yaani ile inayomlipa mtu kila mwezi pale ugonjwa au ajali inapomfanya ashindwe kufanya kazi yake. Huko ni kuisoma habari kichwa chini miguu juu. Kupanda kwa ada ya jengo ni sababu ya kuipanga upya mikataba yote kwa pamoja, na katika mpango huo bima ya kipato inakaa bega kwa bega na bima ya jengo. Anayelipia nyumba kwa mkopo akishindwa kulipa, benki huichukua ikiwa nzima, na rangi yake mpya ukutani.

Mazoea ya kutanguliza jengo yana chanzo chake. Benki inapotoa mkopo wa nyumba huweka sharti la bima ya jengo, na jina lake huandikwa kwenye mkataba ili fidia ikitoka ipitie kwake kwanza. Sharti hilo linalinda dhamana ya benki. Halina habari na vyombo vilivyomo ndani, wala jirani aliyeangukiwa na ukuta wako, wala mgongo wako. Lakini kwa kuwa ndilo sharti pekee lililoandikwa, mkopaji huondoka mezani akiamini kwamba orodha ya benki ndiyo orodha kamili. Mbaya zaidi, pale benki inapokumbuka kipato, mara nyingi huuza bima yake yenyewe iliyofungwa kwenye mkopo. Uingereza inajua gharama ya jambo hilo. Bima za kulinda marejesho ya mkopo ziliuzwa kwa mamilioni ya wateja, wakiwemo watu waliojiajiri ambao kwa masharti ya mkataba wasingeweza kudai hata wangeugua vipi, na hadi zoezi la kurudisha fedha linafungwa, benki zilikuwa zimewalipa wateja zaidi ya pauni bilioni 38. Mkataba wa aina hiyo hulipa benki moja kwa moja, mara nyingi kwa miezi 12 au 24 tu, na ukihamishia mkopo kwingine unabaki nyuma. Mtu anakuta ana bima, ila chakula, karo na umeme havimo.

Tuweke mizani sawa kwa hesabu. Chukua mtu wa miaka 35 atakayestaafu akiwa na 65. Mbele yake ipo mishahara 360. Tuseme kuijenga upya nyumba yake kutagharimu mishahara 60, yaani ya miaka 5. Hata tukikubali kwamba fedha ya kesho ni nyepesi kuliko ya leo, tukaipunguza kwa asilimia 2 kila mwaka, mishahara ile 360 bado ina uzito wa takriban 270 ya leo, ambayo ni zaidi ya mara 4 ya thamani ya jengo. Kuna atakayejibu kwamba moto unaweza kumaliza nyumba yote kwa usiku mmoja, ilhali ni wachache wanaopoteza uwezo wa kazi kwa miaka 30 mfululizo. Ni kweli. Lakini miaka 3 tu ya kutokufanya kazi ni mishahara 36, zaidi ya nusu ya nyumba ile, na mkopo wakati huo haulali.

Hii haina maana kwamba bima ya jengo ipuuzwe. Ina maana kwamba ilipiwe pale inapofanya kazi. Kosa la kwanza hapo ni kukata bima kwa bei ya soko. Bei ya soko ina kiwanja ndani yake, na kiwanja hakiungui. Kinachotakiwa ni gharama ya kujenga upya: ukubwa wa nyumba kwa mita za mraba mara gharama ya ujenzi wa aina hiyo, kisha uongeze kubomoa na kuzoa kifusi, na asilimia 10 hadi 15 kama makadirio ya kuanzia ya ada za msanifu, mhandisi na vibali. Mkadiriaji majenzi anaweza kukutolea hesabu hiyo, na malipo yake ni madogo ukilinganisha na makosa anayoyazuia. Katika maeneo ya mji yenye viwanja ghali, bei ya soko huwa juu kuliko gharama ya kujenga, na unalipia bima ya udongo. Pembezoni, au kwa nyumba ya zamani yenye mbao na mawe ya kuchonga, huenda ikawa kinyume, na hapo ndipo pabaya.

Pabaya kwa sababu mikataba mingi ina kanuni ya uwiano. Nyumba ambayo kuijenga upya ni milioni 200, ukaikatia bima ya milioni 120, umeikatia asilimia 60. Jiko likiungua kwa hasara ya 50, kampuni hailipi 50 kwa hoja kwamba iko ndani ya 120. Inalipa asilimia 60 ya 50, yaani 30, kisha inakata humo sehemu ya kujibebea, yaani kiasi cha kwanza cha kila dai ambacho mkataba unakuachia ulipe mwenyewe. Watu wengi hugundua kanuni hii siku ya dai. Tena gharama za ujenzi hazisubiri: janga likipiga mtaa mzima, mafundi na mabati vinagombaniwa na bei inaruka. Baada ya moto wa Desemba 2021 katika wilaya ya Boulder, Colorado, ulioteketeza nyumba zaidi ya 1,000, wengi walikuta kiwango walichokata hakifikishi hata paa. Huko New Zealand, kabla ya matetemeko ya Canterbury ya 2010 na 2011, mikataba mingi iliahidi kuijenga upya nyumba kwa ukubwa wake bila kikomo cha fedha. Baada ya hapo kampuni zikabadili masharti, na mwenye nyumba akatakiwa ataje kiwango mwenyewe. Mzigo wa kukosea hesabu umehamia kwake, na ndivyo ilivyo katika nchi nyingi. Tafuta kwenye mkataba kipengele kinachoongeza asilimia 20 au zaidi juu ya kiwango pale gharama zinaporuka, na kingine kinacholipia mabadiliko ya kanuni za ujenzi, kwa kuwa nyumba ya zamani hairuhusiwi kurudishwa na nyaya zake za zamani. Angalia pia nyumba ya kupanga italipiwa kwa muda gani wakati yako inajengwa. Miezi 12 ni michache pale mji mzima unapojenga.

Kosa la pili ni kudhani neno “maji” lina maana moja. Bomba likipasuka ukutani ni jambo moja. Mto ukivunja kingo na kuingia sebuleni ni jambo jingine kabisa, na kwa kawaida la pili halimo kwenye mkataba wa msingi. Marekani ilianzisha mpango wa taifa wa bima ya mafuriko mwaka 1968 kwa sababu kampuni binafsi zilikuwa zimelikimbia jukumu hilo. Mpango huo unafidia jengo la familia hadi dola 250,000 na kwa kawaida hauanzi kazi hadi siku 30 zipite, kwa hiyo anayekata bima baada ya kusikia utabiri wa kimbunga amechelewa. Katika mafuriko ya bonde la Ahr, Ujerumani, Julai 2021, wenye nyumba wengi walikuwa na bima ya jengo iliyofidia moto, dhoruba na bomba, bila nyongeza ya majanga ya asili. Uingereza ilianzisha mpango wa Flood Re mwaka 2016 ili nyumba za mabondeni zipate ada inayobebeka, lakini nyumba zilizojengwa kuanzia 2009 hazimo, na mpango wenyewe umewekewa ukomo wa 2039. Hata maji ya bomba yana mtego: kampuni hulipa kilichotokea ghafla, hailipi unyevu uliokuwa ukichuruzika nyuma ya kabati kwa miezi. Na nyumba ikikaa tupu zaidi ya siku 30 au 60, kutegemea mkataba, fidia ya maji na wizi hupungua au hufutika. Mpira mwembamba unaounganisha bomba na sinki huzeeka kabla ya kila kitu kingine jikoni. Kuubadilisha ni kazi ya nusu saa, na kuna kampuni zinazouliza mara ya mwisho ulibadilishwa lini.

Tetemeko na kimbunga vina ujanja wao. Sehemu ya kujibebea huandikwa kwa asilimia, na ni asilimia ya kiwango kizima cha bima, si ya hasara. California Earthquake Authority, chombo cha bima ya tetemeko jimboni humo, kwa mfano, hutoa chaguo la kuanzia asilimia 5 hadi 25. Nyumba iliyokatiwa bima ya milioni 400 kwa asilimia 15 inakuachia milioni 60 za kwanza. Nyufa zikigharimu 50, hupati kitu. Bado inaweza kufaa kuinunua, kwa sababu lengo ni siku nyumba inapolala chini. Ila ujue umenunua nini.

Bima ya dhima, yaani ile inayolipa hasara unayomsababishia mtu mwingine, nitaipitia haraka, ingawa kwa maoni yangu ndiyo ya kwanza kununuliwa. Nyumba ina mwisho wa thamani, lakini hasara unayoweza kumsababishia mtu mwingine haina. Kigae kikimwangukia mpita njia akapooza, unaweza kudaiwa matunzo ya maisha yake yote. Bima ya dhima kwa kawaida ni ya bei ndogo ukilinganisha na fedha inazozibeba. Anayeishi ndani ya nyumba yake mara nyingi analindwa na dhima yake binafsi au ile iliyomo ndani ya bima ya nyumba. Akipangisha, akijenga, au akiwa na tangi la mafuta linaloweza kuchafua udongo na maji, aulize kwa maandishi kama bado yumo.

Sasa, fedha ya kulipia bima ya kipato itoke wapi, ada ya jengo ikiwa imepanda? Itoke kwenye yale unayoweza kuyabeba mwenyewe. Pandisha sehemu ya kujibebea kwenye jengo na vyombo hadi kiasi ambacho akiba yako ingekilipa bila kutetereka, tuseme mshahara wa mwezi mmoja. Madai madogo yanaigharimu kampuni sana kwa kazi ya ofisi, ndiyo maana punguzo la ada huja mapema. Tena ukidai vidogo vidogo unaharibu rekodi yako na ada ya mwakani inapanda, au mkataba hauhuishwi. Futa bima ya simu, ya friji, ya funguo, ya kioo. Bima ya vyombo ipimwe kwa kile ambacho usingeweza kukinunua tena ndani ya mwaka, kisha utembee na kamera chumba kwa chumba, ufungue droo, na uihifadhi video nje ya nyumba. Vito na fedha taslimu vina ukomo wake mdogo ndani ya mkataba hata kiwango cha jumla kiwe kikubwa vipi.

Hoja za upande wa pili zisikilizwe kwa uzito wake. Nzito kuliko zote ni kwamba bima ya kipato ni ghali na ina mabishano. Moto unaonekana, lakini maumivu ya mgongo au sonona havipigwi picha. Kampuni inaweza kuomba daktari wake, kisha daktari mwingine, na mdai anasubiri akiwa hana mshahara. Hoja hii ni ya kweli, na jibu lake limo ndani ya maneno ya mkataba, ambayo nitayafikia. Hoja ya pili ni kwamba serikali au mwajiri atalipa. Hapa inabidi kusoma sheria ya nchi yako badala ya kukumbuka ya zamani. Ujerumani ilibadilisha sheria yake mwaka 2001, na waliozaliwa baada ya tarehe 1 Januari 1961 hawana tena kinga ya umma ya kazi yao mahususi. Kinachoangaliwa ni saa ambazo mtu anaweza kufanya kazi yoyote ile. Chini ya saa 3 kwa siku anapata pensheni kamili, kati ya 3 na chini ya 6 anapata nusu, na akiweza saa 6 hapati kitu, hata kama alikuwa rubani na sasa anaweza kuketi getini tu. Marekani mfumo wa hifadhi ya jamii unataka hali itakayodumu angalau miezi 12 au kuishia kwenye kifo, na malipo hayaanzi hadi miezi 5 kamili ipite. Fidia ya ajali za kazini inahusu ajali na magonjwa yatokanayo na kazi. Aliyeanguka kutoka kwenye ngazi ya nyumbani kwake hayumo. Bima ya kikundi ya mwajiri ni nzuri, ila kwa kawaida inakatika siku unapoacha kazi, na siku hiyo una umri mkubwa zaidi na rekodi ndefu zaidi ya hospitali.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi: “mimi nakaa ofisini, sina cha kuniumiza.” Inachanganya kukosa uwezo wa kazi na ajali. Kwa miaka mingi takwimu za kampuni za bima za Ujerumani, ambako bima hii imeenea sana, zimeonyesha matatizo ya afya ya akili yakiongoza, yakifuatwa na mifupa na misuli pamoja na saratani, huku ajali zikiwa chini ya asilimia 10 ya visa. Mfanyakazi wa mezani hana kinga dhidi ya lolote kati ya yale matatu ya kwanza. Ndiyo sababu bima ya ajali peke yake, ambayo huuzwa kwa bei ya kuvutia kama mbadala, ni mlango uliofungwa huku madirisha yote yakiwa wazi. Bima ya magonjwa hatari inasogea karibu kidogo: hulipa mkupuo kwa mshtuko wa moyo, kiharusi au saratani iliyofikia hatua iliyotajwa, na mkupuo huo unaweza kupunguza deni la nyumba. Lakini uti wa mgongo na sonona kwa kawaida havimo kwenye orodha yake.

Turudi kwenye maneno ya mkataba, maana hapo ndipo bima ya kipato inapokuwa kitu au inapokuwa karatasi. Swali la kwanza ni “kushindwa kazi” kumefafanuliwaje. Zipo ngazi nne. Ya juu inasema umeshindwa kufanya kazi yako uliyokuwa ukiifanya. Ya pili inasema kazi yako au nyingine inayolingana na elimu na uzoefu wako. Ya tatu inasema kazi yoyote. Ya mwisho inauliza kama unaweza kujivika nguo, kuoga, kula na kutembea. Mchukue daktari wa meno ambaye mkono umeanza kutetemeka. Kwa ngazi ya kwanza analipwa. Kwa ya pili kampuni inaweza kusema akafundishe chuoni, hata kama hakuna chuo kinachomwajiri. Kwa ya tatu akakate tiketi. Kwa ya nne hapati kitu hadi ashindwe kushika kijiko. Ada za ngazi hizi hazilingani, na tangazo la bei nafuu karibu daima linauza ya tatu au ya nne. Jihadhari pia na mkataba unaobadilika njiani: mingi ya makundi ya waajiri nchini Marekani husema “kazi yako” kwa miezi 24 ya kwanza, kisha “kazi yoyote,” na mingi kati yake huweka ukomo wa miezi 24 kwa matatizo ya afya ya akili. Ujerumani mikataba mizuri hulipa mtu anapokuwa ameshindwa angalau nusu ya kazi yake kwa miezi 6 au anapotarajiwa kushindwa kwa muda huo, na kampuni huachia haki ya kumwelekeza kwenye kazi nyingine ya kinadharia. Ikiwa dalali au wakala hawezi kukuonyesha sentensi hiyo kwenye ukurasa, usitie saini.

Kiasi hakikisiwi. Andika matumizi ya mwezi: rejesho la mkopo, kodi ya majengo, chakula, nishati, shule, matengenezo ya nyumba, na michango ya pensheni, ambayo husahaulika kwa sababu leo inakatwa kabla hujaiona. Toa kile ambacho serikali na mwenzi wako wangeleta kwa uhakika. Kinachobaki ndicho kiasi cha kukatia. Kampuni nyingi hazitakuruhusu kuvuka takriban theluthi mbili ya kipato, zikiogopa mtu aone afadhali kuugua. Muda wa kusubiri kabla ya malipo kuanza uchague kwa akiba yako: mwenye akiba ya miezi 6 asilipie bima inayoanza wiki ya 4, achague wiki 26, na ada itashuka vya kutosha. Mwisho wa malipo uwe umri wa kustaafu. Wengi huumaliza siku mkopo unapoisha kwa sababu wanaiwaza nyumba tu, na hapo mtu wa miaka 55 aliyepooza anabaki na paa lisilo na sufuria chini yake. Kisha dai kipengele cha kupandisha malipo kila mwaka. Mfumuko wa bei wa asilimia 3 hula nusu ya thamani ya fedha katika takriban miaka 24.

Mabishano mengi ya fidia hupandwa siku ya kujaza fomu. Maswali ya afya yanauliza miaka 5 au 10 iliyopita, mtu anajaza kwa kumbukumbu, anasahau mizunguko sita ya tiba ya viungo aliyoipata kwa ajili ya shingo. Kampuni mara nyingi hailichunguzi faili la hospitali siku hiyo. Inalichunguza siku ya dai. Kwa hiyo omba nakala za rekodi zako kwa madaktari wote kabla ya kujaza, na ukikuta utambuzi usio sahihi uliandikwa ili tu kipimo kilipiwe, mwombe daktari aurekebishe kwa maandishi. Jibu kilichoulizwa, kikamilifu, bila kuongeza riwaya. Mwenye historia nzito amtumie dalali kuuliza kwanza bila kutaja jina, kwa sababu baadhi ya fomu zinauliza kama umewahi kukataliwa, na jibu la ndiyo lina bei yake. Na kabla hujaugua kamwe, andika siku yako ya kazi ilivyo: saa ngapi umesimama, unanyanyua kilo ngapi, unaendesha gari umbali gani, unafanya maamuzi gani. Dai hupimwa dhidi ya kazi hiyo. Barua ya daktari yenye jina la ugonjwa peke yake haitoshi, sharti ieleze ni lipi kati ya hayo huwezi tena na kwa saa ngapi.

Kwa fundi wa paa au mwashi habari ni ngumu zaidi, kwani ada yake inaweza kuwa mara kadhaa ya ile ya mhasibu wa umri uleule. Kwake ningekubali kupunguza kiasi hadi rejesho la mkopo pamoja na chakula, kurefusha muda wa kusubiri, hata kumaliza malipo akiwa na miaka 60, kabla sijagusa ufafanuzi wa kazi. Malipo madogo yanayokuja yana faida kuliko makubwa yanayobishaniwa. Ikiwa hata hilo haliwezekani, ipo bima ya uwezo wa msingi inayolipa mtu anapopoteza uwezo wa kuona, kutumia mikono, kupiga magoti au kunyanyua mzigo. Ina mapengo, hasa kwa magonjwa ya akili, lakini kwa mtu wa kazi za mikono inagusa yanayomtokea kweli. Aliyejiajiri ana tatizo jingine: kipato chake hupimwa kwa faida aliyoitangaza kwa mamlaka ya kodi, kwa wastani wa miaka 2 au 3. Aliyezoea kuipunguza faida hiyo kwenye makaratasi amejipunguzia fidia kwa mkono wake.

Bima ya maisha kwa mwenye mkopo na wanaomtegemea ni rahisi kuliko hizi zote: ya muda maalumu, kiasi kinachoshuka sambamba na deni, kwa wenzi wote wawili, hata yule asiye na mshahara, kwa sababu malezi anayoyafanya yangelipiwa na mtu.

Ada za jengo zikiendelea kupanda, wakopeshaji watapata kazi ya kufikiri pia. Leo benki hudai uthibitisho wa bima ya jengo kila mwaka. Nchini Marekani, mkopaji akiiacha ikatike, benki huikata yenyewe kwa jina lake na kumbebesha ada, kwa kawaida ya juu zaidi, kwa bima inayolinda deni la benki na kumwachia vyombo vyake bila kinga. Kuhusu kipato, swali huulizwa mara moja tu, siku ya kuomba mkopo, kwa kutazama hati za mshahara za miezi michache. Mkopaji anayelazimika kuchagua kati ya bima mbili ataibakiza ile inayodaiwa kwa barua, na benki itabaki na dhamana iliyokatiwa bima dhidi ya moto, ikimdai mtu ambaye hana mshahara. Mdhibiti angeweza kuanza na hatua ndogo: siku ya kusaini, mkopaji aonyeshwe kwenye ukurasa mmoja ni miezi mingapi angeweza kulipa rejesho akiacha kufanya kazi kesho, kwa kuhesabu akiba, haki zake za serikali na bima aliyonayo. Baadhi ya hati za kukokotolea namba hiyo tayari ziko kwenye faili la benki.